Nyayo za Saa Nne na Dakika Kumi na Saba

Jumatatu ile chumba cha seva kilinuka karafuu. Haikuwa harufu ya chai ya mtu. Ilikuwa karafuu kavu, ile inayobanwa shavuni na mwenye jino bovu. Bwana Mtandao alisimama mlangoni akavuta pumzi mara mbili, kisha akajiambia kuwa ni mafundi wa viyoyozi tu, maana binadamu akitaka kujidanganya hakosi fundi wa kumsingizia.

Hospitali nzima ilimwita Bwana Mtandao, ingawa mtandao haukuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa hifadhidata, ghala lisiloonekana ambamo namba ya kila mgonjwa, dawa zake na kundi lake la damu vilikaa vimepangwa safu kwa safu. Lakini kwa manesi, kila anayegusa kompyuta ni bwana mtandao, hata akija kupangusa vumbi.

Aliketi akafungua folda ya nyayo. Nyayo ni mafaili ambayo hifadhidata hujiandikia yenyewe ikiamriwa kujifuatilia: nani ameingia, ameamuru nini, dakika gani. Folda ilipaswa kuwa tupu, kwa sababu ufuatiliaji alikuwa ameuzima mwaka mzima. Akakuta faili moja. Lilikuwa limeandikwa asubuhi hiyohiyo, saa nne na dakika kumi na saba, na ndani mlikuwa na mstari mmoja tu: mtu ameingia, ameomba orodha ya wagonjwa wa upasuaji wa Alhamisi, ametoka. Jina la kuingilia lilikuwa la Mama Karafuu.

Bwana Mtandao alilisoma tena. Mama Karafuu alikuwa amezikwa miezi tisa iliyopita, na jina lake la kuingilia alilifunga yeye kwa mkono wake.

Basi tuseme ukweli ambao yeye hakuwahi kuusema. Mwaka mmoja nyuma, asubuhi, saa na dakika ileile, alitaka kurekebisha kundi la damu la mgonjwa mmoja lililoingizwa vibaya. Akaandika amri, akasahau kuweka sharti la kumtaja mgonjwa huyo peke yake, akabonyeza. Wodi nzima ikawa kundi B. Aligundua baada ya dakika tisa akarudisha kila kitu mahali pake, huku jasho likimtiririka ndani ya chumba chenye baridi ya kugandisha maji. Ila ndani ya dakika zile tisa dereva wa lori aliyelazwa wodi hiyo alianza kuvuja damu, na hapakuwa na muda wa kupima upya. Mama Karafuu wa maabara alitazama skrini, akasoma B, akatoa B. Dereva alikuwa O. Hakufika jioni.

Kamati ilipoketi, skrini ilisema O, safi kabisa. Mama Karafuu alisimama mbele yao, karafuu yake ikiwa shavuni kama siku zote, akasema maneno machache. "Mimi nimesoma kilichoandikwa. Aliyekiandika anajijua, na yuko humu ndani."

Bwana Mtandao alikuwa humo ndani, kiti cha tatu kutoka dirishani. Kumbe asubuhi ile ufuatiliaji ulikuwa umewashwa, aliuwasha mwenyewe kwa sababu mashine ilikuwa nzito akasahau kuuzima, na amri yake ilikuwa imeandikwa yote pamoja na jina lake. Alilifuta faili lile kabla ya kikao. Mama Karafuu akafukuzwa. Miezi mitatu baadaye lile jino likaoza hadi usaha ukampanda kichwani, akafa, kwa kuwa bila kazi hakuwa tena na pa kutibiwa. Watu walinong'ona kuwa kwao kulikuwa na jini wa kurithi, mpole asipochokozwa, anayekaa kwa wanawake wa ukoo. Yeye hakuacha binti wa kumrithisha.

Jumanne harufu ilikuwa imefika kwenye korido. Faili la pili lilikuwa limeandikwa dakika ileile, na safari hii mgeni hakuomba orodha. Alikuwa amebadilisha kundi la damu la mgonjwa mmoja, kutoka O kwenda B. Bwana Mtandao alinakili namba ya mgonjwa na kuitafuta, ingawa alikuwa ameshaijua tangu tarakimu ya nne. Ilikuwa namba ya Chiriku, binti yake wa miaka tisa, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa haishi kuongea. Wengu wake ulikuwa umevimba, na Alhamisi ulipaswa kutolewa. Daktari alikuwa ameagiza chupa mbili za damu ziwe tayari.

Alirudisha O. Akaenda kunywa maji. Aliporudi ilikuwa B, na nyuma ya makabati ya seva alisikia vichupa vya maabara vikigongana, taratibu, kama mtu anavyovipanga kwenye kishikio chake. Akazunguka makabati. Hapakuwa na kitu ila nyaya.

Alikwenda maabara mbio.

"Mpimeni tena kwa mkono," alimwambia mkuu wa maabara, mama mnene mwenye sauti ya chini. "Msiiamini skrini."

"Kaka yangu, unajua utaratibu. Baada ya yaliyotokea kwa marehemu, kamati ilipitisha: kilichopo kwenye skrini ndicho, asiyekifuata anafukuzwa. Ukitaka tuiache skrini, andika barua kwamba mfumo hauaminiki. Watakuja kukagua nyayo zote, za mwaka huu na wa jana."

"Za mwaka jana za nini?"

"Sijui. Wewe ndiye fundi." Alimtazama kidogo. "Unaumwa?"

Hakuandika barua. Alifikiria kumhamisha mtoto, akakumbuka daktari alivyosema kuwa wengu ule hauna wiki mbili za kungoja foleni ya kwingine. Jioni mkewe alimkuta amekaa na viatu kitandani.

"Una nini, baba Chiriku?"

"Kazi tu."

"Kazi gani inayonuka karafuu?" Mkewe alishusha sauti ili mtoto asisikie. "Shangazi yuko sebuleni. Nimemwita mimi. Kamwambie yeye hicho usichoniambia mimi."

Shangazi wa mkewe alikuwa akitoa majini tangu ujana wake, na hakuwa na mbwembwe. Alimsikiliza hadi mwisho, akimkatiza mara moja tu, kuuliza nyayo ni nini.

"Kwa hiyo mashine yenu ikiugua, mnaifanya nini?"

"Tunaiamuru itapike, shangazi. Imwage nje kila kilichomo kichwani mwake, tusome."

"Na sisi ndiyo hivyohivyo. Jini humfukuzi tu, unamfanya aseme alichokijia." Alikunja kanga yake magotini. "Mimi hutoa kinachokaa pasipo pake, mkwe. Huyu yuko pake. Amekuja kutoa ushahidi. Mtapishe, na anachotapika kisomwe chote mbele ya watu. Chote, unanisikia? Ukizuia neno moja, usiniite."

"Nitafungwa."

"Huenda. Mtoto wako je?"

Hapo ungedhani baba mwenye mtoto mgonjwa angejua la kufanya. Lakini uoga nao una akili zake. Jumatano Bwana Mtandao alifuta folda yote ya nyayo, akauzima ufuatiliaji kwa amri tatu tofauti, akamnyang'anya kila mtu hospitalini ruhusa ya kubadilisha makundi ya damu isipokuwa yeye, akaandika O kwenye safu ya mwanawe na kuifunga. Alikagua mara kumi na mbili. Ilibaki O. Harufu ikapotea. Akarudi nyumbani akacheza karata na Chiriku hadi akashindwa mara nne, akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi, Chiriku alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, mama yake akiwa kwenye benchi la nje na kandambili za mtoto mapajani. Bwana Mtandao alisimama kwenye dirisha la maabara, macho kwenye skrini. Ilisema O. Ilisema O saa nne na kumi na tano. Ilisema O na kumi na sita. Kisha harufu ya karafuu ikamjia kwa nyuma ya shingo, yenye joto, kama pumzi ya mtu, na skrini ikasema B.

Mtaalamu wa zamu alifungua jokofu akatoa mfuko wa B.

"Huyo ni O," Bwana Mtandao alisema. "Ni mwanangu, namjua, ni O."

Mkuu wa maabara alisogea. "Skrini inasema B."

"Skrini inadanganya."

Mama yule alivua miwani yake. "Mwenzetu naye alisimama hapohapo ulipo, akasema skrini ilidanganya. Tulimwambia alete ushahidi. Nawe lete. Nyayo za leo ziko wapi?"

Hazikuwepo. Alizizima yeye. Mfuko uliwekwa kwenye kisanduku, mbebaji akakiinua, na kutoka pale hadi chumba cha upasuaji ni dakika tisa kwa mwendo wa mtu mzima.

Alikimbia. Alifungua mlango wa chumba cha seva na taa zikazimika zote kwa pamoja, vikabaki vijitaa vya kijani vya mashine, na baridi ya mle ndani ikawa na joto sehemu moja tu, pale karibu na sikio lake la kushoto, na vichupa vikaanza kugongana, kwanza nyuma ya makabati, kisha juu ya dari, kisha chini ya kiti chake, vingi, mamia, kila kichupa kilichowahi kupita mikononi mwa yule mwanamke, na yeye akiwa amepiga magoti mbele ya kibodi anaandika amri ya kuitapisha mashine na vidole vinakosea na anafuta na anaandika tena na anakosea tena, akihisi kidevu cha mtu kimetulia begani mwake kikisoma kila herufi anayoiandika kwa subira ya mtu aliyengoja mwaka mzima, mpaka alipobonyeza na kusema kwa sauti iliyokatika, "Toa. Toa vyote. Niachie mwanangu tu."

Vichupa vikanyamaza. Ng'ambo ya korido, printa ya maabara ikaanza kufanya kazi.

Alipofika, mkuu wa maabara alikuwa ameshika karatasi ya kwanza. Saa nne na dakika kumi na saba: O imebadilishwa kuwa B. Aliyebadilisha: jina la marehemu. Mama yule alinyanyua simu akapiga chumba cha upasuaji. "Msiitundike hiyo damu. Irudisheni. Nasema irudisheni."

Ilikuwa imebaki kuchomekwa tu.

Printa haikusimama. Karatasi ya sita ilikuwa na tarehe ya mwaka jana. Bwana Mtandao aliiona kabla ya mwingine yeyote: amri isiyo na sharti, wodi nzima kuwa B, na mwisho wa mstari jina lake mwenyewe. Ya saba ilionyesha alivyorudisha. Ya nane ilionyesha alivyofuta. Mkuu wa maabara alikuwa bado amempa mgongo, simu sikioni, akiagiza Chiriku apimwe upya. Mtoto alikuwa ameshaokoka. Wakati wa kukiri ulikuwa ule, na mdomo wa baba yake ulikuwa umeshafunguka.

Akazikunja karatasi tatu akazitia ndani ya shati.

"Hizo nyingine ni za nini?" mama yule aliuliza alipogeuka.

"Marudio tu. Hitilafu ya mfumo."

Zilimkwaruza kifuani siku nzima. Jioni alizichoma kwenye ndoo ya uani, na moshi wake ulinuka unavyojua.

Chiriku alipona vizuri. Baada ya wiki tatu alikuwa ameshanenepa, anakula, anatembea. Kuongea ndiko kulikopungua. Mama yake alisema mtoto amekua. Chumba cha seva hakikunuka tena, folda ya nyayo ilikuwa tupu, na Bwana Mtandao alipewa barua ya pongezi kwa kugundua hitilafu.

Shangazi alikuja kumtazama mgonjwa siku ya Jumamosi. Alikaa kando ya mtoto aliyekuwa akiandika kwenye daftari, akanusa, akainuka bila kumaliza maji yake. Alimvuta mkwe wake hadi ukumbini.

"Ulizuia nini?"

"Sikuzuia kitu."

"Ulitoa nusu, nawe umerudishiwa nusu. Yule jini alikuwa anatafuta mwanamke wa kukaa kwake, mkwe, na wewe umemfungulia mlango." Alikuwa hapandishi sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Nenda kwa mume wa marehemu, nenda kwa hiyo kamati yenu. Useme kwa mdomo wako. Leo."

"Kesho, shangazi. Kesho asubuhi na mapema."

Shangazi alivaa viatu vyake akaondoka bila kuaga.

Bwana Mtandao alirudi mezani. Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa, shavu la kushoto limetuna kidogo kama aliyebana kitu. Alichungulia daftari. Kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, mstari kwa mstari, ilikuwa ile amri yake: wodi nzima, kundi B, saa nne na dakika kumi na saba, na mwisho jina lake.

"Nani amekuambia uandike haya, mwanangu?"

"Siandiki," mtoto alisema. "Nasoma kilichoandikwa."

"Una nini mdomoni? Hebu fungua."

Akafungua. Hapakuwa na karafuu. Palikuwa na meno yake madogo meupe, na moja la nyuma lenye tundu jeusi ambalo wiki iliyopita halikuwepo.

"Baba," alisema Chiriku, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya kwake kabisa. "Jino linaniuma."