Ukuta Uliobomolewa Siku ya Mbio

Ukuta wa jikoni ulikuwa chini.

Waairishi walishuka kwenye basi wakiimba, medali zikiwa bado shingoni, na wimbo ukawafia midomoni. Asubuhi walipoondoka kwenda mbioni, nyumba ya Zulmira ilikuwa na kuta nne. Sasa zilibaki tatu. Zulmira mwenyewe, mjane wa pale kijijini Souto, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa bado na shela yake ya kanisani.

"Nilikwenda misa," alisema. "Nimerudi nimekuta hivi. Jamani, mimi nimemkosea nani?"

Kila mwaka kundi lile kutoka Sligo lilikwenda nchi ya watu, likajenga nyumba wiki nzima, kisha Jumapili likakimbia nusu marathoni. Watu wa nyumbani waliwachangia kwa kila kilomita, na michango ndiyo iliyonunua matofali. Mwaka huu zamu ilikuwa ya kaskazini mwa Ureno. Walikwishawahi kunyeshewa na kuumwa matumbo, hata kupotea njia. Kubomolewa ukuta, hapana.

Dympna Gilhooly, mmoja wa wageni hao, aliuzunguka uharibifu ule akichechemea, magoti yakimuwaka moto. Alikuwa sajenti wa polisi kabla ya kustaafu, na macho yake hayakuwa yamestaafu. Matofali hayakuvunjwavunjwa. Yalikuwa yamepangwa kando, safu juu ya safu. Fremu ya dirisha ilikuwa imeng'olewa kwa uangalifu, ikafungwa blanketi na kuegemezwa kivulini.

"Mhuni gani huyu," alijisemea, "anayebomoa nyumba ya mtu na kulifunika dirisha blanketi?"

Zulmira, aliyefanya usafi mahotelini Dublin miaka mingi na kuijua lugha yao, hakuwa na shaka hata chembe. "Ni Abílio tu! Jirani yangu huyu. Tunagombania mpaka wa viwanja vyetu tangu mume wangu yuko hai. Na Ijumaa alisimama pale pale, akasema mbele ya watu, 'Ukuta huo hautaiona Krismasi.' Mlimsikia!"

Walimsikia kweli. Kabla ya saa kupita, askari wa kijiji, Noronha, alikuwa amemleta Abílio kutoka nyumbani kwake. Alikuwa mzee mkavu, mikono mikubwa, aliyebeba zege London ujana wake wote.

"Asubuhi ulikuwa wapi, mzee?" Dympna alimuuliza.

"Kitandani. Mgongo unauma."

"Nani alikuona?"

"Paka wangu. Mkamateni naye."

"Ulisema ukuta hautaiona Krismasi."

"Nilisema, na nitasema tena! Nina macho mimi. Kama nyinyi mnayo mengine, yatumieni." Akatema mate kando.

Noronha akatingisha pingu. "Hawa wenzako wote walikuwa mbioni, Sajenti. Kila mmoja alifungwa chipu ya njano kwenye kiatu, na kila alipokanyaga kituo mashine ilimsoma. Hakuna aliyekosa hata kituo kimoja. Sasa tumtafute nani mwingine?"

Hilo ndilo lililomvuruga Dympna kichwa. Aliyebomoa alijua ufundi wa ujenzi na aliihurumia nyumba. Abílio alijua ufundi, ila huruma hiyo angeitoa wapi? Wenye huruma walikuwa wenzake, na wenzake wote walikuwa barabarani wakitoa jasho. Kila alipovuta uzi mmoja, mwingine ulikaza. Akafungua matokeo ya mbio kwenye simu, akayapitia majina mpaka macho yakamuuma.

Fintan Durkan na mkewe Gobnait walikuwa wamepita kila kituo kwa sekunde ileile.

Fintan ndiye aliyekuwa fundi mkuu wao. Hakuna safu ya matofali iliyopandishwa bila yeye kuinamia pima maji, kile kipimo chenye povu la hewa ndani ya kioo, na kusema "Sawa." Dympna alimkuta chini ya turubai, akimimina chai. Chai ilijaa kikombe, ikafurika, ikamwagika mezani. Gobnait akamshika mkono upesi na kuiweka birika chini.

"Uchovu wa mbio," Gobnait alisema akicheka.

"Mlikimbia pamoja?" Dympna aliuliza.

"Bega kwa bega," Fintan alijibu. "Kama siku ya harusi."

Dympna akaikumbuka ile njia ya mbio. Kuanzia darajani alikuwa nyuma ya Gobnait, akimfuata kama mkia kwa kuwa nguvu za kumpita hakuwa nazo. Gobnait alikuwa peke yake. Na visigino vyake vilimetameta njano, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wakati ule Dympna aliona ni urembo wa viatu tu. Kila mkimbiaji alikuwa na chipu moja.

Alirudi penye ukuta, akaokota pima maji na kumwita Fintan mbele ya wote. Noronha alikuwa anamwongoza Abílio kwenye gari.

"Subiri kidogo, afande. Fintan, nisomee. Povu liko wapi?"

Fintan alikiinamia kile kipimo kama alivyofanya wiki nzima.

"Katikati. Sawa kabisa."

Dympna alikuwa ameegemeza ncha moja juu ya tofali na nyingine chini. Hata Zulmira, aliyesimama mbali, aliona kilivyolala mshazari. Watu wakatazamana.

"Huoni, Fintan," Dympna alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Mwache!" Gobnait akaruka katikati yao. "Dympna, nakuomba, mwache mume wangu!"

"Basi, Gobnait. Basi." Fintan alikaa juu ya matofali. "Tangu Pasaka. Pembeni naona kidogo, ila katikati pana ukungu mtupu. Ijumaa jioni nilipitisha kiganja kwenye ukuta ule nikasikia unalalia ndani. Wanawe Zulmira wangekula chini yake. Ningesema nini? Kwamba fundi wenu ni kipofu? Miaka arobaini watu wananiita fundi. Bila hilo mimi nani?"

"Kwa hiyo ukampa mkeo chipu yako."

"Tulipoanza kukimbia nikajipenyeza kwenye umati, nikapanda teksi. Ningewaachia wenzangu wakibomoe kitu nilichokikosea mimi? Nilikibomoa mwenyewe, kwa mikono, tofali moja moja. Nikarudi kuwangoja mwisho wa mbio. Nilidhani mtasema ni wahuni wa mjini, tujenge upya, safari hii nimpe mwingine asome kipimo."

"Na huyu?" Dympna alimnyooshea kidole Abílio, na sauti yake sasa ilikuwa kali. "Umekaa hapo unakunywa chai, mzee wa watu anatiwa pingu!"

Fintan akainamisha kichwa. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Kila nilipofungua mdomo, woga ukanifunga."

Zulmira alimgeukia jirani yake, uso umemwiva. "Kwa hiyo ile Ijumaa..."

"Nilikuwa nakuonya, mwanamke!" Abílio alifoka. "Ukuta umepinda kama mguu wa mbuzi, na wewe unanitukania mama yangu!"

Noronha alimfungua pingu bila kumtazama usoni. Fintan akainuka, akaenda kule sauti ilikotoka, akanyoosha mkono. "Nimekukosea, mzee mwenzangu." Mkono ulielea kando, mbali kidogo na pale Abílio aliposimama.

Abílio aliutazama mkono ule. Hakuna aliyejua kama angetema mate au angepiga ngumi. Mwishowe alisogea hatua moja, akajiweka mbele yake na kuushika.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini kesho asubuhi naleta timazi yangu ya kupimia ukuta. Wewe utapanga matofali, mimi nitatazama. Na ukipinda, nitakutukana kwa Kireno."