Mgeni Aliyeagwa Vibaya

Makaa ya moto yakimwagiwa maji hunuka vilevile popote, na Safna aliijua harufu hiyo tangu jikoni kwa mama yake huko Malabar, India. Lakini hapa ni Sharjah, ghorofa ya tisa, jiko la gesi, na madirisha hayajafunguliwa tangu joto lianze. Sasa makaa yanatoka wapi? Tena harufu yenyewe ilikuwa chumbani kwa mtoto. Safna akamlaumu jirani, kama tunavyofanya sote.

"Wale Wamisri wa chini wanachoma nyama barazani," alimwambia mumewe. "Siku moja watatuletea zimamoto."

"Una wivu tu kwa vile hawajakuletea sahani," Noufal alimjibu, huku akitafuta raketi yake chini ya kochi. Jioni ile alikuwa na mchezo wa vinyoya kule kwenye maegesho ya magari, na mwanaume mwenye mchezo hasikii harufu.

Kesho yake Safna alikuta makubadhi mlangoni. Pale nje ndipo familia nzima huvua viatu, na katikati ya viatu vyao yalikuwepo makubadhi ya ngozi, ya kiume, makuukuu, yamejaa mchanga mbichi. Ncha zake zilielekea ndani. Akadhani ni ya fundi wa kiyoyozi, akayasogeza karibu na lifti. Baada ya sala ya adhuhuri alifungua mlango kutupa taka, akayakuta yamerudi palepale, yameegemea viatu vidogo vya binti yao Hanna.

Sasa nikwambie mambo haya yalikoanzia. Jumamosi iliyopita walikuwa jangwani na wenzake Noufal wa vinyoya, safari ya kwanza tangu jioni zianze kupoa. Kuku walishalala kwenye viungo tangu usiku, mikate ya parota imefungwa kwenye taulo, chai ya rangi na ndimu. Watoto waliteleza kwenye vilima vya mchanga kwa maboksi, na wanaume wakajisifu mpaka jua likazama. Wakati wa kufungasha, Noufal alichukua birika lililokuwa linachemka akalimimina juu ya makaa waliyochomea kuku, palepale kwenye shimo katikati ya mizizi ya mti. Mtu hamwagi maji ya moto ardhini bila kumtaja Mungu, ili majini, wenyewe wa chini, wapishe. Wenyeji wanalijua hilo, na hata Malabar watoto wanafundishwa. Lakini Noufal alikuwa amegeuza shingo, anamcheka mwenzake Shajahan aliyefungwa seti zote. Shimoni kikatoka kilio chembamba, kikakatika.

"Paka," alisema Noufal. Wakapanda gari, wakaenda zao.

Hanna alikuwa na miaka saba na hakuwa mtoto wa kukaa kitandani. Wiki ile akakataa kushuka chini kucheza. Akawa anashinda chumbani, pazia limefungwa, anaongea peke yake. Safna akadhani ni mambo ya watoto, mpaka mchana mmoja, saa ambazo mji mzima umejifungia na njiani hakuna hata njiwa, alipokuwa anapita na kikapu cha nguo akamsikia mtoto ananong'ona, akatabasamu, akataka kupita, lakini miguu ikagoma, kwa sababu chini ya mngurumo wa kiyoyozi kulikuwa na sauti nyingine inayomjibu, nzito, ya taratibu, ya mtu mzima aliyekaa na mwanawe, na ile harufu ya makaa yaliyozimwa ilikuwa inatoka chini ya mlango ikimpanda miguuni kama mvuke. Akasukuma mlango. Hanna alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, shuka miguuni, na godoro kando yake lilikuwa limebonyea. Kisha, Safna akiangalia, godoro likainuka polepole, kama linavyoinuka mtu mzito akisimama.

"Ulikuwa unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Baba alimuunguza mtoto wake, akafa," alisema Hanna, mtulivu kabisa. "Sasa mimi ndiye mtoto wake. Huu wekundu ukifika hapa nitakwenda naye." Akajigusa kifuani.

Safna akaifunua shuka. Miguu ya mtoto ilikuwa imebabuka kama iliyotiwa kwenye maji ya moto, na wekundu ulikuwa umeshapita magoti. Mtoto hakulia wala hakusema panauma. Hospitalini daktari alisema ni kuungua, akawapa dawa ya kupaka, na akamtazama Safna kwa jicho ambalo hakulisahau. Kesho yake wekundu ulikuwa mapajani. Siku iliyofuata ukafika tumboni. Noufal akakaa sakafuni, kichwa mikononi, akawa anarudia neno moja tu: paka, nilisema paka.

Mlinzi wa jengo ndiye aliyewaletea Ummu Obeid, mama wa mwenye jengo, bibi wa Kiarabu anayejua mambo ya majini, mwenye macho makali nyuma ya barakoa ya wanawake wa kwao. Alipofika mlangoni akayaona makubadhi. Hakuyaruka, akayazunguka kwa adabu.

Akafukiza ubani. Akamimina maziwa kwenye bakuli, akaliweka kwenye kona ya kabati, akaanza kusema na kona ile kwa sauti ya chini, anaomba, ananyamaza, anaomba tena. Akamwita Noufal apige magoti aombe radhi. Noufal akaomba huku analia, mwanaume mzima, na maziwa yakawa yanapungua kwenye bakuli bila mtu kuyagusa.

Alasiri bibi akapangusa uso. "Amekubali," aliwaambia kwa Kihindi chake cha sokoni. "Lakini ameingia kama mgeni, na mgeni huagwa na mama mwenye nyumba. Fungua mlango, mwambie kwa lugha yako aende. Neno moja tu, binti yangu. Usiongeze."

Safna akafungua mlango wa nje. Hewa ya moto ikampita ubavuni, taratibu, ikasimama kizingitini kumsubiri. Macho na akili vyote vilikuwa kwa mtoto, na ulimi ukafuata njia yake ya kila siku.

"Poyi vaa," alisema.

Yaani nenda uje. Mazoea yana taabu. Kwao Malabar hakuna anayemwambia mtu anayetoka "nenda" likiwa tupu. Nenda tupu ni la maiti. Mume akienda kazini, mtoto akienda shule, hata muuza samaki, utamwambia nenda uje, na Safna hakuwa amemuaga mtu kwa namna nyingine tangu azaliwe.

Ummu Obeid hakijui Kimalayali. Alichoona ni makubadhi yametoweka na wekundu unashuka miguuni kwa mtoto, akamshukuru Mungu, akaanza kukusanya vyombo vyake. Ni Noufal aliyebaki amesimama ukutani.

"Safna, umemwambia nini?"

"Nimemwambia aende."

"Umemwambia nini?"

Safna akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Walipomweleza bibi, aliweka vyombo chini. "Mimi namtoa mgeni asiye na ruhusa," alisema. "Huyu sasa anayo. Sina la kufanya."

"Tukihama je?" Noufal alinong'ona. "Tukirudi kwetu India?"

"Kwani alialikwa kwenye jengo? Amealikwa kwenu." Akainuka kwa kujikongoja. Hakutaka hata chai.

Asubuhi Hanna aliamka na njaa. Miguu yake ilikuwa laini, haina hata alama. Alikula parota na mayai, akacheka na katuni, na Noufal, maskini, akaanza kusema labda, labda jini hajui Kimalayali. Safna akawaacha mezani akaenda kuosha vyombo. Aliporudi, mtoto hayupo. Akamkuta chumbani kwake, ameshusha mablanketi yote kabatini, anayatandika sakafuni, moja baada ya jingine, ukuta hadi ukuta.

"Unafanya nini, Hanna?"

"Ninawatandikia. Mgeni amekushukuru sana, mama. Alikuwa anaona haya kukaa bila ruhusa." Akanyoosha kona ya blanketi kwa viganja. "Sasa amekwenda kumchukua mkewe, kama baba alivyokuja kutuchukua sisi alipopata viza."

Safna akashika ukingo wa mlango.

"Yule mama aliyefiwa na mtoto hajaniona bado," alisema Hanna. "Anataka anibebe yeye mwenyewe."