Fundi Vioo Aliyejitukana

Mume wangu ni fundi vioo. Mtaani wanamwita Milimita, kwa sababu hataki kusikia kipimo cha kukadiria. Ukimwambia dirisha lako ni karibu mita moja, atachukua futi yake aje kupima mwenyewe, hata kama mvua inanyesha. Mimi natengeneza fremu za picha katika duka hilo hilo. Yeye anakaa nyuma, penye meza kubwa iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mimi nakaa mbele, karibu na mlango, maana mimi ndiye ninayejua kuongea na wateja.

Ngoja nikueleze jambo moja kuhusu kioo, usije ukaharibu chako nyumbani. Kioo hakikatwi kama ubao. Unaweka rula. Unashika kikata-kioo, kile chenye kigurudumu kidogo cha chuma, unakipitisha mara moja tu bila kusita. Kisha unabonyeza, na kioo kinaachana hapo hapo kwenye mstari. Ukipitisha mara ya pili juu ya mstari ule ule, umekwisha. Kioo kitapasukia kinapotaka chenyewe. Milimita aliyajua hayo kuliko jina lake. Kwa miaka kumi na tano alipitisha mara moja.

Siku moja alivunja kioo cha kabati la duka la dawa. Kilikuwa kioo kikubwa, na wateja walikuwa wanatazama. Hakuna aliyeumia. Mwenye duka alisema hiyo ni ajali kazini, alete kingine. Lakini mume wangu aliporudi hakusema kwamba kioo kimevunjika. Alisema yeye ni mtu bure kabisa.

Tangu siku hiyo nikaanza kumsikia akinong'ona kule nyuma. Mwanzoni nilidhani anaongea na simu. Kumbe simu ilikuwa kwangu mbele, inachajiwa. Nikasogea taratibu nikasikiliza. "Mjinga wewe," alikuwa anasema. "Mikono ya mbao. Utavunja tu, nakujua." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma vipimo. Mwenzenu niliogopa.

Na mimi nilikosea, sitaficha. Kwanza nilimwambia aache utoto. Haikusaidia. Kisha nikampamba kwa sifa, nikamwambia yeye ndiye bingwa wa mji mzima. Hiyo nayo haikusaidia. Mtu anayejidharau, ukimwita bingwa, anaona unamdanganya.

Katika miezi miwili alivunja vioo saba. Chakula cha mchana akawa anakirudisha nyumbani kama kilivyo. Halafu Alhamisi moja akaniambia ameshaongea na kaka yangu, ambaye ni mpakuzi katika ghala la saruji. Jumatatu ya wiki inayofuata angeanza kazi huko. Alisema gunia la saruji hata ukilidondosha halipasuki vipande mia.

Moyo uliniuma sana. Kubeba mizigo si aibu. Kaka yangu amesomesha watoto kwa kazi hiyo. Ila huyu mtu anapenda kioo. Nilijua akishaondoka pale mezani, hatarudi tena, na kila dirisha atakalopita njiani litamchoma.

Kesho yake, Ijumaa, akaja nesi kutoka kituo cha afya. Ni mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Watu wanamwita Nesi wa Chumba cha Mwisho, kwa sababu chumba chake kiko mwisho wa ukumbi. Huko wanakwenda wenye mawazo mengi, wenye huzuni, na waliopoteza usingizi. Alikuwa amekuja na vipimo. Kituo kilitaka kioo kimoja kirefu kuliko mtu, kwa ajili ya ukumbi huo, ambako wagonjwa husubiri.

Milimita alimwambia kwa adabu kwamba atafute fundi mwingine. Wakati anasema hivyo alikuwa anakata kioo kidogo cha fremu yangu. Kikapasuka.

"Mjinga," alisema.

Nesi akatazama huku na huku. "Unamwambia nani, fundi?"

"Najiambia mwenyewe, dada. Usijali."

Nesi hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa, akauliza kioo kile kimevunjika kwa nini. Mume wangu akajibu kwamba ni kwa sababu yeye hafai.

"Hilo si jibu," alisema nesi. "Nimeuliza habari za kioo, sijauliza habari zako."

Milimita akakuna kichwa. Akasema alipitisha kikata-kioo mara mbili. Nesi akauliza kwa nini alipitisha mara mbili, na yeye anajua haifai. Mume wangu akaokota kipande kimoja, akakigeuza. Mwishowe akasema kwamba mara ya kwanza mstari ulikuwa mzuri. Ila kichwani alikuwa anajiambia amekosea, amekosea, basi akarudia ili kuhakikisha.

"Umesikia ulichosema?" nesi akauliza. "Unadhani unajitukana kwa sababu unavunja. Wewe unavunja kwa sababu unajitukana."

Akamuuliza pia maneno yale aliyasikia wapi kwanza, maana mtu hazaliwi nayo. Mume wangu akacheka kidogo, kicheko cha uchungu. Akasema mikono ya mbao ni maneno ya bosi wake wa kwanza, aliyemfundisha kazi. Mzee huyo alistaafu miaka kumi na miwili iliyopita.

"Kumbe hajastaafu," alisema nesi. "Bado yuko kazini kichwani mwako. Tena zamu zote."

Hata mimi nilicheka. Nikauliza kama dawa yake ni mume wangu ajisifu kila asubuhi mbele ya kioo, maana vioo tunavyo vingi. Nesi akasema hapana. Mtu akijisifu kwa jambo asiloliamini, moyo unakataa. Dawa ni kusema kilichotokea, basi, bila kujipachika jina.

"'Nimepitisha mara mbili' ni kosa, na lina dawa," alimwambia. "Usipitishe mara mbili. Sasa niambie, 'mimi ni mjinga' dawa yake ni nini?"

Mume wangu akaweka kikata-kioo mezani.

Nesi akaomba karatasi, akapiga mstari katikati. Upande mmoja Milimita aandike kila tusi analojitukana. Upande wa pili aandike kilichotokea kweli, kwa maneno ambayo angemwambia fundi mwenzake anayemheshimu. Mume wangu akasema huko ni kujibembeleza. Nesi akamuuliza kama fundi mwenzake akivunja kioo, yeye humwita mikono ya mbao. Akasema hawezi, hayo ni matusi.

Kabla ya kuondoka nesi alinivuta pembeni. Alisema nimwangalie. Nikiona amekosa usingizi kabisa, au hagusi chakula siku nzima, au anasema ni heri asiwepo duniani, nisingoje hata siku moja. Nimlete chumba cha mwisho. Akasema akili nayo huugua kama tumbo, na inatibiwa.

Jumamosi karatasi ilianza kazi. Kufika saa sita mchana, upande wa matusi ulikuwa na mistari ishirini na tatu. Milimita alihesabu mara mbili, unajua tena alivyo. Akaja nayo mbele, akaniambia kwamba angekuwa na mteja anayemtukana hivi, angeshamfukuza dukani. Siku hiyo alikula.

Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Jumapili aliitupa karatasi, akasema ni upuuzi. Jumatatu akaitafuta kwenye pipa la taka. Akampigia kaka yangu, akamwomba ampe wiki moja zaidi. Kisha akakubali kukata kioo cha kituo cha afya, lakini kwanza akafanya mazoezi kwenye vipande vibovu. Nilikuwa namsikia. Alianza, "Mjinga we..." akajikatiza, akasema, "Rula imeteleza. Shika rula vizuri." Akaishika vizuri.

Ijumaa akakata kile kioo kirefu. Mstari mmoja, mara moja. Tulikipeleka kituoni kimevikwa mablanketi, vijana wanne wamebeba, mimi nimetangulia nafukuza watu njiani. Kikaingia kwenye fremu yake vizuri kabisa. Wagonjwa kwenye mabenchi walianza kumpongeza. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, ile ya juu. Tukasikia mlio.

Ufa ulianzia pembeni, ukashuka hadi chini.  Nesi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mimi nilishika mkoba wangu kwa mikono yote miwili, nikasema moyoni, basi, yamekwisha, magunia hayo yanatusubiri.

Milimita alishuka kwenye ngazi. Akasimama anatazama ule ufa. Nilijua kabisa neno gani linataka kutoka. Alilimeza. Akapumua.

"Nimekaza skrubu ya juu kupita kiasi," alisema. "Kioo kimekosa nafasi. Cha pili nitakiachia milimita mbili kila upande."

Ilikuwa hivyo tu. Akaomba glavu na ndoo, akaanza kukitoa kile kioo kipande kwa kipande. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemlaani. Bibi mmoja mgonjwa alisogeza miguu ili ufagio upite.

Kioo cha pili kiliwekwa Jumatano, kina nafasi yake, na mpaka leo kipo. Ukienda pale utakaa mbele yake ukisubiri zamu yako. Lakini si siku hiyo mume wangu alipompigia kaka yangu simu. Alimpigia ile Ijumaa ya vipande, pale pale ukumbini, ndoo ikiwa imejaa miguuni pake.

"Shemeji," alisema, "huko ghalani tafuteni mtu mwingine. Mimi ni fundi vioo."