Nilimjua Mwizi wa Dukani, Nikamwacha Kadzo Achukuliwe

Nina umri wa miaka arubaini na mitatu, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kisauni. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Changamwe. Sijawahi kuiba hata sindano ya mtu. Lakini kuna binti wa watu nimemharibia maisha, na nilimharibia kwa maneno matatu tu... Ndugu zangu wasomaji, nisomeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu mtakavyo.

Kwa miaka tisa nilikuwa msimamizi katika supamaketi moja ya Kiembeni. Si kubwa, lakini mitaa yote ya jirani hununua hapo. Tajiri wetu aliniamini sana. Funguo za stoo zilikaa kwangu.

Mwaka juzi nilimwombea kazi Riziki. Riziki si rafiki tu. Nilipozaliwa, mama yangu aliugua hata akashindwa kuninyonyesha, na aliyenipa ziwa ni jirani yetu, mama yake Riziki. Kwa dini yetu, sisi ni ndugu. Tumesoma chuo cha Kurani pamoja, tumepambiana harusi zetu, tumezikiana wazee. Mumewe alipomwacha na mtoto mchanga alinijia analia, nami nikamshika mkono hadi kwa tajiri. Nilimdhamini kwa kinywa changu mwenyewe.

Akapangiwa upande wa vitu vya watoto: maziwa ya kopo, nepi, mafuta. Alifanya kazi na binti mmoja wa Kigiriama aitwaye Kadzo, miaka ishirini na miwili. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake anauza chakula kwa madereva wa malori kule Miritini. Kadzo alikuwa msichana wa maneno machache. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, hata nikiwa nimenuna. Alikuwa ameshaposwa na kijana wa kanisani kwao, na harusi ilikuwa ifanyike baada ya Krismasi. Kitambaa cha gauni tulikwenda kukichagua pamoja, mimi na yeye.

Siku moja mchana nilikuwa stoo nikitenga maboksi matupu yatolewe nje. Boksi moja likanielemea. Nikalifungua... Chini ya makaratasi mlikuwa na makopo manne ya maziwa ya watoto, yale ya bei ghali! Kabla sijajua la kufanya, Riziki akaingia. Aliponiona, alipiga magoti palepale.

Alinieleza kuwa makopo hutoka na takataka, na kuna mwenye kioski anayeyapokea nyuma ya duka. Alisema mtoto wake ni mgonjwa. Alisema ni mara ya kwanza, na akaapa hatarudia. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwenda kwa tajiri, wallahi nilikuwa nimeamua. Kisha akasema neno lililonifunga mdomo.

"Mama akisikia, atakufa. Na ni mama yako pia."

Nikayarudisha makopo rafuni. Nikanyamaza.

Je, aliacha? Hakuacha! Na mimi nilijua, kwa sababu kila ilipofika saa ya kutoa takataka nilijitafutia kazi upande mwingine wa duka. Ningekuwa siamini kwamba anaiba, ningekwepa nini?

Haikuchukua muda tajiri akagundua upungufu. Aliniita mimi peke yangu, akaniambia kesho yake atakagua mikoba ya wafanyakazi wote bila kuwaarifu. Nami nikafanya upumbavu ambao mpaka leo siwezi kuueleza. Nilimdokezea Riziki. Nilidhani ataogopa, ataacha, na mambo yatakwisha kimyakimya...

Asubuhi ya siku hiyo niliingia chumba cha kubadilishia nguo nikamkuta ameuinamia mkoba usio wake. Ulikuwa mkoba wa Kadzo. Akaniambia anatafuta pini ya mtandio. Nikatoka.

Mchana, zamu zilipokuwa zikibadilishana, tajiri akasimama mlangoni na mikoba ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Ulipofika wa Kadzo, ndani ya leso yake yakatoka makopo mawili.

Wateja nao wakasimama kutazama. Tajiri akanigeukia mimi mbele ya wote. "Wewe ndiye msimamizi hapa. Kuna mwengine unayemshuku?"

Kadzo hakulia. Aliniangalia tu, kama mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Dada Zuhura, waambie. Wewe wanijua."

Riziki alikuwa amesimama ubavuni mwangu, nikisikia anavyohema. Nilimfikiria mama aliyeninyonyesha. Nilifikiria kazi yangu, na nani aliyetoa siri ya ukaguzi. Nikajibu, "La. Simshuku mwengine."

Kadzo akachukuliwa.

Alikaa seli siku mbili. Mama yake alikuja kutoka Miritini akamwangukia tajiri miguuni, na tajiri akakubali kuondoa shitaka kwa sharti moja: Kadzo aandike barua akiri kuwa ni mwizi. Akaiandika, maana angefanya nini? Akapigwa picha akiishika barua ile, na picha ikatumwa katika kundi la watsapu la wenye maduka. Kuanzia Mtwapa mpaka Likoni, kila alikoomba kazi, ilikuwa imeshafika.

Posa ikarudishwa. Wazee wa upande wa mchumba walisema hawawezi kumwoza kijana wao mwizi. Baada ya miezi kadhaa nikasikia ameandikishwa na ajenti, amekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Na mimi? Nilikuwa bado nafungua stoo kila asubuhi, nauza, nacheka na wateja. Usiku nalala. Ndiyo, nilikuwa nalala!

Kisha tajiri akaweka kamera, na Riziki akanaswa kabla ya mwezi kwisha. Alipobanwa, hakunificha. Alimwambia tajiri kwamba Zuhura alijua tangu boksi la kwanza, na ni Zuhura aliyempa habari ya ukaguzi. Nilitafuta uongo hata mmoja katika maneno yake, sikuuona. Tukafukuzwa wote wawili siku hiyohiyo. Mama yake, yule niliyesema namwokoa, alinifungia mlango akisema ningalimkanya mwanawe mapema haya yasingalimfika. Alikuwa na haki.

Nilirudi kwa tajiri kumsihi amsafishe Kadzo jina. Alinijibu kwa upole kwamba yamekwishapita, hataki duka lake litajwe tena. Nikaomba basi picha ile ifutwe. Akaniuliza itafutwa kwenye simu ngapi...

Nikaenda Miritini.

Mama yake Kadzo alikuwa akipakua maharagwe. Nilipojitambulisha kuwa nimefanya kazi na mwanawe, aliweka upawa chini, akajifuta mikono haraka, akaniuliza kama nimemletea habari zake. Kumbe simu ya Kadzo ilikuwa imezimika miezi saba! Ajenti naye amefunga ofisi. Kila mgeni aliyeingia pale, mama yule alidhani ameleta habari.

Mimi nilikuwa na habari nyingine. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa maana sikuthubutu kukaa kwenye kiti chake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaraji anipige. Nilitamani anipige.

"Aliniapia," alisema. "Aliniapia kwa kaburi la babake kwamba hakuiba. Mimi nikamwambia atubu. Mpaka siku anaondoka namwambia mwanangu, tubu. Hata kumsindikiza sikumsindikiza, kwa kuona haya."

Akauokota upawa. Dereva mmoja alikuwa akingoja chakula chake. Akampakulia.

Niliondoka bila kusamehewa, na sikuomba. Nimekwenda tena mara tatu. Akinikuta nimekaa, ananiwekea maji, hanisemeshi. Nimeulizia katika kila ofisi niliyoelekezwa, hakuna anayejua nyumba aliyopelekwa Kadzo wala mji. Sina tumaini kubwa tena, na sitawadanganya kuwa ninalo.

Wewe unayefanya kazi dukani, ukimwona mwenzako anaiba, sema siku hiyohiyo, hata akiwa ni damu yako. Usijidanganye kuwa unamhifadhi. Kuna mtu mwingine atakayelipa, na huenda ni yule asiye na wa kumtetea. Mimi nilichelewa... nikaja kusema kweli wakati mwenye haki ya kuisikia hayupo.

Na kama kuna msomaji aliye Arabuni, akakutana na msichana wa Kigiriama aitwaye Kadzo, mpole, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, nakuomba kwa jina la Mungu umfikishie jambo moja tu. Mwambie mama yake sasa anajua kuwa hakuiba.