Meupe Kushoto, Meusi Kulia

Yaliyompata shemeji yangu sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyebeba begi siku ile ya mwisho, kwa hiyo anayetaka kubisha abishe na mimi.

Shemeji alikuwa mpiga picha, mume wa dada yangu wa pekee. Mtaani walimwita Bwana Sanduku, kwa sababu kamera yake ilikuwa kubwa kama sanduku la bati, ikisimama juu ya stendi ya miguu mitatu, na ili aone anachopiga ilimbidi ajifunike kitambaa cheusi kichwani. Watoto wa jirani walidhani anaingia humo kulia. Dunia nzima inapiga picha kwa simu, yeye anapiga moja, anakunywa maji, anatazama mawingu, ndipo anafikiria ya pili. Lakini katika picha zake ungeweza kuhesabu kila ufa wa ukuta, na ofisi zilimtafuta kwa hilo.

Filamu za kamera ile hazikuwa za kuviringisha. Zilikuwa vipande bapa, kila kimoja kikubwa kama kiganja, navyo vilikaa ndani ya makasha membamba, kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Kila upande una kifuniko cha kuchomoa, na ukingo wa kifuniko ni mweupe upande mmoja, mweusi upande mwingine. Ukiona mweupe, filamu bado haijapigwa. Ukishapiga, unakigeuza kifuniko kabla ya kukirudisha, mweusi utazame nje, na filamu hiyo usiiguse tena. Ukiipiga mara ya pili picha zinapandana, na zote mbili umezipoteza.

Mwenye kukumbuka hayo yote alikuwa dada. Begi lake la turubai lilikuwa na mifuko miwili: makasha meupe kushoto, meusi kulia. Shemeji akiwa chini ya kitambaa alinyoosha tu mkono nyuma, bila kugeuka, bila neno, na dada alimwekea kasha kiganjani. Kifyatulio kikilia, dada alinong'ona, "Geuza." Maana Bwana Sanduku, pamoja na ustadi wake wote, asipokumbushwa hageuzi.

"Huyu mwanamume," dada aliniambia siku moja tukifua, "siku nikikosekana atapiga mlima juu ya nyumba."

"Na wewe amekupiga lini?"

Akacheka, ule mwanya wake ukaonekana. "Ananiambia tukimaliza kazi. Kazi yenyewe ndiyo haiishi."

Kazi ya mwisho waliyofanya pamoja ilikuwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani. Ofisi moja ilitaka picha zake kabla hayajafukiwa. Mvua iliwakuta katikati ya shimo lile, hakuna pa kujisitiri. Dada alivua koti lake akalifunikia begi, akatembea vivyo hivyo hadi barabarani. Walipofika nyumbani, swali la kwanza la shemeji lilikuwa, "Makasha yamelowa?" Hayakulowa hata tone. Dada alishikwa na nimonia, na hakupona.

Siku ya msiba tukatafuta picha yake. Tulipekua makabati, tukapekua maboksi. Kuna madaraja, kuna magofu, kuna ukuta wa kiwanda umepigwa asubuhi na ukapigwa tena jioni. Dada hayumo. Picha yake ya kitambulisho ilikuwa imeingia maji, uso umebaki doa. Shemeji alikaa sakafuni katikati ya picha zote zile akawa anasema, "Nitamkumbukaje? Shemeji, sura yake naisahau, nitamkumbukaje?" Nilimchukia siku hiyo. Kisha nilimwonea huruma, maana hata mimi nilikuwa naanza kuisahau.

Ofisi ilidai picha zilizobaki. Shemeji akarudi machimboni peke yake, akakataa kusindikizwa. Aliporudi alikuwa anajilaumu.

"Nimezeeka," akaniambia. "Nilipakia filamu mpya makasha yote. Nafika kule, nayakuta mfuko wa kulia. Vifuniko vyote vyeusi."

"Ukafanyaje?"

"Nimechomeka vifuniko vibaya gizani, basi. Nikayapiga."

Akaingia kwenye stoo isiyo na dirisha, ndimo alimosafishia filamu. Nikamsikia akimimina dawa, akikohoa, akimimina maji. Halafu sikusikia kitu. Nilipogonga, akafungua mlango kidogo, akanishika mkono akanivuta ndani. Filamu zilikuwa zimening'inia kwenye kamba, bado zinachuruzika.

Kwenye filamu iliyosafishwa kila kitu huwa kinyume: weupe huwa weusi, kivuli huwa cheupe. Niliona miamba ya machimbo. Juu ya miamba kulikuwa na kitu kama ukungu. Nikasogea. Ukungu ulikuwa na jicho.

Ulikuwa uso. Umejaa filamu nzima, unatutazama mbele, kwa karibu, kama mtu aliyekubali kupigwa picha baada ya kuombwa muda mrefu. Meno yalitoka meusi, na katikati yake palikuwa na mwanya. Lakini ufa wa jabali ulikuwa umepita kwenye jicho la pili, na kifusi kimefunika shavu. Kila filamu ilikuwa hivyo. Kila filamu ameizika kwa mawe.

"Zilikuwa zimepigwa," shemeji akanong'ona. "Vyeusi vilikuwa vyeusi kweli. Alinipa sura yake, nami nikapiga juu yake."

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Tulijaribu kila namna tupate hata moja iliyo safi. Hatukupata.

Tukarudi machimboni wote wawili. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: aupate ule uso mara moja tena, na safari hii asiuguse. Nilipakia begi mimi mwenyewe mbele yake. Yote meupe. Yote kushoto. Nikafunga mkanda, nikaukaza kwa meno.

Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na ndege. Shemeji alisimamisha kamera palepale mvua ilipowakuta.

"Mke wangu," akasema polepole, "nimekuja. Leo sina kazi nyingine."

Tukasubiri. Hakuna kitu. Begi lilikuwa mgongoni kwangu, na naapa lilizidi kuwa jepesi. Mwisho akajifunika kitambaa, nadhani ili nisimwone machozi. Nikapiga magoti, nikaliweka begi chini nilitazame. Mkanda haukufunguka. Niliukaza mno. Nikauvuta. Nikauvuta tena.

Nikainua macho. Shemeji alikuwa amenyoosha mkono nyuma.

Sidhani kama alijua. Ni mazoea ya miaka. Kiganja wazi, kinasubiri. Nilitaka kumwambia ngoja.

Kiganja kikafumba.

Kilikuwa kimeshika kasha. Jeusi.

Begi langu bado limefungwa.

"Geuza," sauti ikanong'ona. Haikuwa yangu.

Shemeji alitoka kwenye kitambaa taratibu. Alitazama kasha, akanitazama mimi, akauona mkanda.

"Umenipa wewe?"

Nikatikisa kichwa.

"Vidole vilikuwa vimelowa," akasema. Nasi tulikuwa tumesimama kwenye vumbi.

Kasha lile hakuliingiza kwenye kamera. Alilifungia ndani ya shati, kifuani, akalishika kwa mikono miwili njia nzima. Kamera nilibeba mimi, na sikulalamika. Alitembea akitabasamu. Alikuwa na hakika amempata, nami nilikuwa na hakika hiyohiyo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ukuta wa kuitundika picha.

Alisafisha filamu ile. Akaiinua kwenye mwanga, maji yakamtiririkia hadi kwenye kiwiko.

Haukuwa uso wa dada.

Alikuwa yeye. Bwana Sanduku mwenyewe, amepigwa kwa nyuma. Mgongo ulioinama, kitambaa kichwani, na mkono umenyooshwa nyuma bila kugeuka. Mimi nilikuwamo pembeni, nimepiga magoti, nang'ang'ana na mkanda. Chini ya picha, vumbini, kivuli kimoja kilianzia pale alipo mpigaji. Kwenye filamu kilitoka cheupe. Kivuli cha mwanamke, amenyoosha mkono.

Nilidhani shemeji ataogopa. Aliitazama muda mrefu sana, kisha akaketi sakafuni.

"Ndicho alichokuwa anakiona," akasema. "Miaka yote hiyo. Mgongo na mkono. Sikugeuka, shemeji. Hata leo alipokuja, sikugeuka."

Alikuwa anasema kweli.

Hajapiga picha tena. Kamera ipo chini ya kitanda, begi limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na makasha yamo yakiwa matupu, bila filamu hata moja, meupe kushoto. Nilihamia pale nimwangalie, maana hana mtu mwingine. Mchana hukaa kizingitini, uso umeelekea ndani ya nyumba. Mgeni akibisha hodi yeye hugeuka haraka mno, na akishamwona ni nani, hurudi kukaa.

Akisinzia, ule mkono hunyooka wenyewe nyuma ya kiti. Kiganja wazi. Mwanzoni nilikuwa naushika nikiurudisha mapajani, ndipo siku moja nikachelewa jikoni, nikatoka nikaukuta umefumba. Nilimfumbua vidole kimoja kimoja. Hakukuwa na kitu ndani yake ila alama mbili zilizonyooka, zimezama kwenye nyama, upana wake sawasawa na kasha. Na kiganja kilikuwa kimelowa.

Nilikwenda nyuma ya mlango nikafungua begi. Mfuko wa kushoto ulikuwa umepungua kasha moja. Wa kulia ulikuwa mtupu.