Kibwana bin Twalib, Mtoa Funza

Alhamisi Zaina alirudi kutoka shule, akavua viatu barazani, akamwamkia bibi yake, Bi Ashura, kisha akakalia kibao cha mbuzi kukuna nazi. Lakini siku hiyo alikuna ovyo, nazi ikawa inamwagika chini.

"We mtoto una nini leo?" Bi Ashura akauliza.

Alikuwa na jambo, tena zito. Juma lililopita Mwalimu Masoud aliwataka wanafunzi wawaulize wazee wao habari za mtu wa zamani wa mtaani ambaye vitabu havimtaji. Zaina alijua bibi yake akianza kusimulia hamalizi leo. Basi akaichukua karatasi ya majina ya marehemu wa ukoo, ile isomwayo kwenye hitma, akachagua jina moja, Kibwana bin Twalib, akamtungia hadithi yake mwenyewe: eti aliongoza wapagazi mia moja na kuua simba kwa mikono. Kwa mikono, jamani! Mwalimu akaipenda, akamchagua aisome kesho mbele ya wazazi. Na Bi Ashura alikwisha kupiga pasi buibui la kwendea.

"Bibi, nimemzulia uongo babu yako Kibwana," Zaina akasema, akaeleza yote huku analia.

Bi Ashura alimtazama, kisha akaangua kicheko mpaka ukaya ukamdondoka kichwani. "Simba? Kibwana huyu aliyekuwa akimwogopa hata jogoo?" Akajifuta macho, sauti ikabadilika. "Lakini umekosea, mjukuu wangu. Majina yale tunayaombea dua, si ya kuchezea."

"Nisamehe, Bibi. Alikuwa nani hasa?"

"Mtoa funza. Wapagazi walifika hapa kutoka bara miguu imewaoza kwa funza, watu wakiziba pua. Yeye akiwakalisha ukumbini, akiwaosha kwa maji ya chumvi, akiwachokoa kwa mwiba wa mlimau. Na yale majina ya mwisho kwenye karatasi, Kulwa na wenzake, ni wapagazi waliosilimu hapa wakafia mikononi mwake. Hawakuwa na ndugu mjini, akatuusia tuwaombee sisi."

Asubuhi Zaina aliwahi shuleni, akamweleza mwalimu ukweli. Mwalimu Masoud alikunja uso, akaichukua karatasi ya simba, akampa nyingine tupu. "Kaa pale. Andika ulichoambiwa."

Mbele ya wazazi Zaina aliisoma mpaka mwisho. Bi Ashura alilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Mwalimu akasimama. "Zaina aliniletea uongo kwanza, akaja mwenyewe kuukiri. Sikilizeni, wanangu. Marehemu hawezi kujitetea. Ukimpa sifa za kuzua, umemnyang'anya zake. Tungempigia makofi muua simba, na mtu aliyeinamia miguu ya wageni tusingemjua kamwe. Ulizeni wazee, na mkikosea semeni mapema."

Zaina akashusha pumzi ndefu, akaenda kukaa karibu na bibi yake.