Jina la Bibi Katika Wimbo

Kila Jumamosi asubuhi Leimara alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kukuna mihogo ya laplap, chakula kinachofungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa kwa mawe ya moto. Aliketi kwenye kibao nyuma ya jiko, beseni mbele yake, akikuna huku akiimba kwa sauti ya chini. Bibi yake, Bibi Leiwia, alikuwa akipangusa majani ya mgomba na kumkumbusha kwamba watu wanataka kula mihogo, si vidole vyake. Leimara alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wimbo aliouimba ulikuwa wake mwenyewe. Aliutunga hapohapo kwenye kibao, mstari kwa mstari, kwa muda wa wiki sita.

Wimbo ulimhusu bibi huyohuyo. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa, paa la shule liliponyakuliwa na upepo, Bibi Leiwia aliwakusanya watoto tisa katika jiko la kanisa, akaegemeza mgongo wake mlangoni, akauzuia mlango ule kutwa nzima usifunguke. Leimara alikuwa mmoja wa watoto wale. Na kwa kuwa huku kwetu humtaji mtu katika wimbo bila kumwomba ruhusa, alimwomba. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba wimbo usiseme alilia.

"Nililia sana," alisema, "lakini hilo ni langu."

Ukiacha bibi mwenyewe na bendi ya kijiji, mtu mmoja tu ndiye aliyeujua wimbo ule, naye ni Eslin. Wasichana hawa wawili walikua pamoja kijijini Matasau, nyumba kwa nyumba. Mwanzoni mwa mwaka mama yake Eslin aliolewa Epulei, ng'ambo ya ghuba, wakahamia huko. Waliendelea kuonana shuleni. Wakati wa mapumziko Leimara alimwimbia kila mstari mpya, na Eslin akamtafutia sauti ya pili. Hakumficha kitu. Amfiche kwa nini, na yule alikuwa kama pacha wake?

Mwezi wa Agosti ulipofika, vijiji vyote vya ghuba vilijiandaa kwa tamasha la vijana. Sharti lake linajulikana: kila bendi ilete wimbo mmoja mpya, ambao haujawahi kuimbwa mbele ya watu, na aliyeutunga awe hajafika miaka kumi na mitano. Mjomba Kalsong, aliyeiongoza bendi ya Matasau, aliuchagua wimbo wa Leimara bila hata kusikiliza wa wengine. Leimara hakulala vizuri wiki nzima. Hakuwaza zawadi. Alichotaka ni kuona ghuba nzima ikilisikia jina la bibi yake.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Akina mama walivaa magauni yao ya maua, moshi wa mawe ya laplap ulitanda, watoto walirushiana poda mpaka nywele zikawa nyeupe. Leimara alimwona Eslin karibu na jukwaa, akampungia mkono. Eslin akainama kufunga kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Bendi ya Epulei iliimba ya tatu. Mshereheshaji alitangaza kwamba wimbo wao umetungwa na binti aliyehamia kijijini kwao mwaka huu, anaitwa Eslin. Leimara akapiga makofi kwa nguvu zote. Kumbe naye anatunga, na hakuniambia, aliwaza, akafurahi kwa ajili yake. Ukulele, yale magitaa madogo, zikaanza, na kwenye mstari wa kwanza tu mikono yake ikabaki hewani.

Ulikuwa wimbo wake. Mlango, upepo, watoto tisa, yote yalikuwemo, pamoja na ile sauti ya pili waliyoitafuta wote wawili. Mambo mawili tu yalikuwa yamebadilika. Palipokuwa na Matasau paliimbwa Epulei, na palipokuwa na Bibi Leiwia paliimbwa Bibi Touri, mama yake baba wa kambo wa Eslin. Leimara alimtazama bibi yake aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Bibi alikuwa akisikiliza kwa makini, kinywa kikiwa wazi kidogo, kama mtu anayeona nguo yake imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Mambo hayakuishia hapo. Manses, mpiga besi wa Matasau, kijana mwenye ulimi wa pilipili, alimgeukia.

"Kumbe ulikuwa unatufundisha wimbo wa watu," alisema. "Sasa sisi tunapanda wa tano. Tukauimbe tena tuitwe wezi?"

Leimara alimwambia wimbo ni wake. Wenzake wa bendi walimtazama na hakuna hata mmoja aliyesema anamwamini. Hilo lilimchoma kuliko wimbo wenyewe. Aliinuka kwenda kumvuta Eslin nywele mbele ya wote, Mjomba Kalsong akamshika bega. Alimwambia kwamba akipanda kwa hasira watu watakumbuka ugomvi, hawatakumbuka wimbo. Akaenda yeye mwenyewe kumtafuta chifu wa tamasha.

Kabla hajamfikia, mshereheshaji alikuwa tayari amemwita Bibi Touri. Ndiyo desturi: anayetajwa katika wimbo huitwa mbele, na watu humtundikia vitambaa vya maua shingoni na kumnyunyizia poda. Bibi Touri alikuja polepole na mkongojo wake. Mwanawe, baba wa kambo wa Eslin, alikuwa wa kwanza kufika na kitambaa chekundu, uso umejaa tabasamu kwa kulisikia jina la mama yake.

Bibi Touri akakisukuma kando kwa mkongojo.

"Kiondoe," alisema. Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti. "Siku ya kimbunga mimi nilikuwa mjini, nimelazwa hospitali, mguu kwenye plasta. Sikushika mlango wowote. Nani aliniomba ruhusa ya kuniimba?"

Bibi Touri akamgeukia Eslin, aliyekuwa bado ameshika ukulele, na kumuuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, ni nani aliyeushika mlango?"

Eslin akasema, kwa sauti iliyosikika vizuri kwa sababu ya kipaza sauti, kwamba ni Bibi Leiwia wa Matasau, na kwamba wimbo ni wa Leimara. Alishuka jukwaani, akaenda kujificha nyuma ya jiko la shule.

Chifu wa tamasha aliiondoa bendi ya Epulei katika mashindano na kuwaruhusu Matasau kuuimba wimbo wao. Manses alimwambia Leimara, bila kumtazama, kwamba amemkosea. Waliimba. Bibi Leiwia alitundikiwa vitambaa mpaka shingo ikapotea, na aliyemtundikia cha kwanza alikuwa Bibi Touri. Lakini watu walikuwa wameshausikia wimbo, na Leimara aliona wazi kwamba wengi walikuwa wakiwatafuta Epulei kwa macho badala ya kusikiliza. Siku aliyoingoja ilipita akiwa ndani yake na hakuifurahia. Ushindi ulikwenda kwa bendi ya mlimani iliyoimba habari za mbwa aliyekula samaki wa mchungaji.

Kesho yake alasiri watu wa Epulei walifika Matasau. Bibi Touri, mwanawe, mama yake Eslin, na Eslin mwenyewe amebeba mkeka mpya uliokunjwa, wa kuombea radhi. Aliutandika mbele ya Leimara na bibi yake, akapiga magoti. Alisema kwamba vijana wa Epulei walikataa kumwingiza kwenye bendi, wakamwita mtu wa kuja. Siku moja akawaimbia wimbo ule, wakamuuliza ameutunga nani, na jibu kwamba ni yeye likamtoka kabla hajalifikiri. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu zaidi kusema ukweli.

"Nilitaka na mimi niwe na kwetu," alisema, machozi yakimtoka.

"Mbona hukuniomba?" Leimara aliuliza. Hasira yote ilikuwa imebaki katika swali hilo moja.

"Ungenipa kweli?"

"Huu nisingekupa. Huu ni wa bibi yangu. Lakini tungekaa siku mbili tukakutungia wako. Ningekuja mpaka Epulei. Ulijua ningekuja."

Eslin alijua.

Desturi inataka mkono utolewe, na Leimara alitoa mkono. Uso wake haukubadilika. Mama yake Eslin akaanza kumhimiza amkumbatie mwenzake basi yaishe, Bibi Leiwia akamzuia.

"Mwache," alisema. "Mkeka tumeupokea, kesi imekwisha. Moyo una siku zake." Akamgeukia Eslin. "Wewe binti, nisikilize. Wimbo umerudi kwa mwenyewe, hilo lilikuwa jepesi. Kilichobaki ni kuaminiwa, na hicho hakiletwi na mkeka. Kuanzia leo sema kweli katika mambo madogo, hata yale ambayo hakuna anayeuliza, na siku moja mwenzako atakuamini tena. Na wewe Leimara, siku hiyo ikifika usijifanye huioni."

Wageni walipoondoka, Eslin alibaki nyuma mlangoni. Aliuliza kama anaweza kuja Jumamosi kusaidia kukuna mihogo.

Jana yake tu Leimara angesema hapana.

"Njoo," alisema. "Ila wimbo sitaimba."